Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo chetu kuhusu msimu wa timu ya mpira

Kwa: Mkuu wa Chuo
Kutoka: Nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo, kwa niaba ya wachezaji

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: HALI YA TIMU YA MPIRA WA MIGUU, MAJERUHI WETU NA BARUA ZA ONYO KWA WACHEZAJI

Shikamoo, na pole na majukumu ya kila siku. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na nahodha wa timu ya wanaume. Wenzangu wameisoma barua hii kabla haijatoka, wakanisahihisha walipoona panahitaji kusahihishwa, na wameniruhusu kuyasema yote yaliyomo.

Hatukuanzia hapa. Tulianza kwa Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi, tukaenda kwa mwalimu wa michezo, tukaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, na mwisho tukaiandikia ofisi yako barua iliyopokelewa masjala na kugongwa muhuri. Nakala yake ninayo. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Mwaka ule wa masomo ukaisha, mwingine ukaanza, na maandishi pekee tuliyoyapata kutoka utawala ni barua za onyo kwa wachezaji. Ndiyo sababu leo nazungumza hadharani. Jina la chuo sitalitaja, wala jina la mtumishi yeyote, kwa kuwa hatuna nia ya kumchafua mtu. Wahusika wanajijua, na wewe Mkuu unawajua.

Kwa wasomaji wengine watakaoipata barua hii, msimu wetu ulikwenda hivi. Novemba tulichuja wachezaji kupitia ligi ya madarasa. Januari tukaanza mechi za kirafiki na timu za mtaani na vyuo jirani hapa Iringa. Juni tukasafiri kwenda Mbeya kwenye michezo ya vyuo ya kanda, tukatoka vinara wa kundi letu tukiwa tumeruhusu bao moja tu. Kwa timu iliyofanya mazoezi kwa mipira miwili, yalikuwa matokeo makubwa, na nawavulia kofia vijana wale. Nusu fainali tulishinda uwanjani. Kesho yake tukatolewa mezani kwa kosa la kuchezesha watu wasio wanafunzi, na aliyewaleta watu hao hakuwa mchezaji.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mchango wa michezo haujulikani unafanya nini

Kila mwanafunzi hulipa shilingi 20,000 za michezo kwa mwaka. Zimeandikwa kwenye fomu ya kujiunga, zinalipwa kwa kumbukumbu namba kama ada, na asiyezilipa hapewi namba ya mtihani. Tukihesabu wanafunzi 1,000 tu, na sote tunajua tumezidi hapo, hiyo ni shilingi milioni 20 kwa mwaka.

Hatusemi zimeibwa. Tunasema hatujawahi kuonyeshwa mapato na matumizi yake, hata karatasi moja kwenye ubao wa matangazo. Tunachojua ni kile kilichoifikia timu: mipira miwili, mfuko wa chokaa ya kuchorea uwanja, na gari la kwenda na kurudi Mbeya. Jezi ni zile za misimu iliyopita, namba zimebanduka na tumeziandika upya kwa maka peni. Maji ya kunywa ya timu tulinunua wenyewe. Wachache wetu wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa shilingi 10,000 kwa siku, ya chakula na malazi, na pesa hiyo ndiyo iliyonunua katoni za maji Mbeya. Mtunza fedha wetu ameandika kila mchango kwenye daftari la kawaida la shule, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Kama kijana wa mwaka wa kwanza ameweza kutunza hesabu ya namna hiyo kwa wenzake, ofisi yenye wahasibu inaweza.

2. Vifaa na uwanja

Sheria namba 4 kati ya sheria 17 za soka inamtaka kila mchezaji avae kinga za ugoki. Hakuna kinga, hakuna kuingia. Sisi tulikuwa nazo za watu sita.

Beki wetu wa kati alikata boksi la biskuti, akalikunja mara mbili, akalipitisha ndani ya soksi na kulizungushia selotepu. Refa anapokagua kabla ya mechi hupiga ugoki kwa vidole kusikia kama kuna kitu kigumu, na boksi kavu hutoa mlio. Kipindi cha pili, likishalowa jasho, halizuii chochote. Ugoki wake una makovu mawili ya njumu, moja kwa kila mguu, na njumu zenyewe alizovaa yeye ni za kuazima kwa kaka yake, kubwa kuliko mguu wake.

Uwanja wa chuo nao una kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa hosteli, zimemwagwa kandokando ya mstari wa pembeni upande wa mabweni. Winga akisukumwa anaangukia hapo. Kuzizoa ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wenye makoleo. Tuliomba makoleo tuzizoe wenyewe, tukaambiwa tusubiri kibali cha stoo.

3. Safari na kambi

Gari lilikuwa Coaster moja kwa timu ya mpira wa miguu, netiboli, wavu na riadha pamoja. Tulisajili wachezaji 20, tukasafiri 14, maana viti vingine vilikaliwa na watu ambao hatukuwaona uwanjani hata siku moja. Tuliondoka Iringa jioni, tukapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala usiku, barabara ile ile ya malori ya Tunduma, dada zetu wa netiboli wamekaa kwenye mabegi katikati ya njia. Nashukuru Mungu tulifika. Lakini Mkuu, mzazi yeyote angeliona gari lile lisingeondoka.

Kule tulilala sakafuni kwenye darasa, na Mbeya mwezi wa Juni si pa kulala sakafuni bila godoro. Tukacheza mechi tatu za kundi kwa siku tatu mfululizo. Wataalamu wa tiba ya michezo wanasema misuli huhitaji kati ya saa 48 na 72 kurudi katika hali yake baada ya mechi. Ratiba ni ya kanda, nakubali, haikupangwa na chuo chetu. Ila timu yenye wachezaji 14 haina wa kumpumzisha, na idadi hiyo ilipangwa hapa hapa chuoni.

4. Mwenzetu aliyeumia

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nitalieleza kwa urefu.

Mechi ya tatu ya kundi, dakika za mwisho, beki wetu wa kushoto aligeuka ghafla kumfuata winga. Mguu ukabaki ardhini, mwili ukageuka. Hakuguswa na mtu. Tuliokuwa karibu tulisikia goti likilia. Akaanguka, akapiga nyasi kwa kiganja mara nyingi, bila kutoa sauti.

Hakukuwa na machela upande wetu. Hakukuwa na boksi la huduma ya kwanza, wala mtu aliyefundishwa kulitumia. Mchezaji wa akiba alikimbia hadi getini kwa mama anayeuza barafu za ubuyu, akanunua zote zilizokuwa kwenye ndoo, tukazifunga kwenye goti lake kwa jezi. Rangi ya ubuyu ikamchuruzika hadi kwenye soksi, watu wa jukwaani wakawa wanapiga kelele kwamba anatoka damu. Kiongozi wa msafara wetu hakuwepo uwanjani na gari alikuwa nalo yeye. Tukampakia mwenzetu kwenye bodaboda, katikati, mguu umenyooshwa pembeni, na mwenzake nyuma ameushika kwa mikono miwili barabara nzima.

Baadaye daktari wa hospitali ya rufaa aliandika kwamba kano ya mbele ya goti imekatika. Kano hiyo ikikatika kabisa, kupumzika peke yake hakuiungi. Anayefanyiwa upasuaji mara nyingi hukaa miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi kucheza, tena kwa mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na mtaalamu. Yeye bado hajafanyiwa. Kila siku anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili kwa magongo. Mitihani ya mwisho ya muhula ule hakuifanya, na ombi lake la mitihani maalumu limekaa mezani kwa mtu hadi leo. Ni mtoto wa mama muuza vitunguu Ilula. Mama huyo alikuja chuoni kuuliza, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya utawala tangu asubuhi hadi watumishi walipofunga milango. Hakuna aliyemwita ndani. Nilimsindikiza mwenyewe stendi.

Nataka niseme na jambo ambalo halijatupata, kwa sababu likitupata itakuwa tumechelewa. Mwezi Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Hapa nyumbani, Desemba 2016, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka katikati ya mechi Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Mungu awarehemu. Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka kwenye mechi ya Euro jijini Copenhagen, moyo ukasimama, lakini watu waliokuwa kando ya uwanja walimwahi, wakambonyeza kifua, wakamshtua moyo kwa mashine, na mwaka uliofuata alirudi kucheza ligi ya Uingereza. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Hesabu dakika ambazo bodaboda ile ilitumia kutoka uwanjani hadi kituo cha afya, Mkuu. Goti lilisubiri. Moyo usingesubiri.

Wala hatuombi mashine za Ulaya. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza, na kubonyeza kifua ni ujuzi wa mikono mitupu. FIFA nayo ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, yaliyotungwa mahsusi kupunguza majeraha kama hili la goti. Yanachukua kama dakika 20 na yanahitaji mpira na koni tu. Yapo bure kwa yeyote. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu hilo na kuulizwa akilikwepa.

5. Mamluki, na adhabu iliyoangukia wasiohusika

Baada ya mechi ya tatu tulibaki na wachezaji 11 wazima. Usiku wa kuamkia nusu fainali, kiongozi wa msafara alikuja darasani tulikolala akiwa na vijana watatu tusiowajua. Akasema watacheza kesho. Walikuwa na vitambulisho vya chuo chetu vyenye majina ya wanafunzi wa kweli, wenzetu walioachwa Iringa kwa kukosa kiti, na picha za watu wengine.

Mimi na makamu wangu tulipinga palepale, mbele ya mashahidi. Tukaambiwa orodha ni ya ofisi, na asiyetaka aondoke kwa nauli yake. Kesho yake vijana watatu wa chuo hiki, waliofanya mazoezi tangu Novemba, walikaa benchi wakiwaangalia wageni wamevaa jezi zao. Tulishinda. Hakuna aliyeshangilia kama mtu aliyeshinda.

Timu pinzani ikakata rufaa, na ilikuwa na haki. Kamati ya mashindano iliwaita wale vijana mmoja mmoja. Wa kwanza aliulizwa jina la mkuu wa idara yake. Akakaa kimya. Akaulizwa anasoma kozi gani, akataja kozi ambayo chuo chetu hakina. Kwa wa pili hawakufika mbali. Tukanyang'anywa ushindi, tukaondolewa mashindanoni.

Tulidhani tukirudi ataulizwa aliyewaleta. Badala yake wachezaji wote 14, akiwemo yule aliyelala hospitalini wakati rufaa inasikilizwa, wakaandikiwa barua za onyo kwa “kulidhalilisha jina la chuo”, na nakala zikawekwa kwenye majalada yao. Kuna mwenzetu amenyimwa barua ya utambulisho kwenda mafunzo kwa vitendo kwa sababu ya onyo hilo. Kiongozi wa msafara hajaandikiwa chochote tunachokijua, na jina lake limo kwenye kamati ya maandalizi ya michezo ijayo.

Mkuu, orodha ya wachezaji ilitoka ofisini na karatasi yake ilisainiwa ofisini. Vitambulisho vya chuo hutengenezwa na ofisi moja tu, na mwanafunzi hana ufunguo wake. Tulihukumiwa bila kuitwa wala kusikilizwa, na aliyepaswa kuulizwa swali la kwanza hajaulizwa.

6. Timu ya wasichana

Dada zetu walikuwa na timu nzuri ya mpira wa miguu. Ilivunjwa Februari kwa maelezo kwamba jezi ni seti moja na wanaume wana nafasi kubwa ya kufuzu. Nao wanalipa 20,000 ile ile.

Ndugu Mkuu, najua yatakayosemwa baada ya barua hii, kwa kuwa mengi tumeshaambiwa.

Tutaambiwa chuo hakina bajeti, ada hazijakamilika, hali ni ngumu. Tunaijua hali, sisi ni watoto wa wakulima na wafanyabiashara wadogo. Lakini mchango wa michezo hautokani na bajeti ya mtu mwingine. Tunautoa wenyewe, kwa jina lake, kabla ya mtihani. Kama unatumika kwa shughuli nyingine muhimu zaidi, tuambiwe ni shughuli gani na nani aliidhinisha.

Tutaambiwa wanafunzi wana bima. Ndiyo, tunalipa shilingi 50,400 kwa mwaka za NHIF, na kadi ile imemsaidia mwenzetu alipofika hospitali. Kadi haikumtoa uwanjani. Haimlipii nauli ya kwenda kliniki, na haimfanyii mitihani aliyoikosa.

Tutaambiwa chuo ni mahali pa kusoma, mpira ni starehe. Basi kwa nini michezo imo kwenye fomu ya kujiunga, na kwa nini picha ya timu yetu, ile tuliyopiga tukiwa vinara wa kundi, ilibandikwa kwenye tangazo la kuwaita wanafunzi wapya? Nchi hii ina sheria ya Baraza la Michezo la Taifa tangu 1967 na Sera ya Maendeleo ya Michezo tangu 1995. Inajiandaa kupokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Chuo kinachotoa watu watakaofanya kazi katika nchi hiyo hakiwezi kusema michezo haikihusu, hasa baada ya kuipokea pesa yake.

Tutaambiwa mamluki wapo kila chuo. Huenda wapo kwingine pia. Sisi tuliondolewa kwa wa kwetu, na walioadhibiwa kwa wa kwetu ni watu waliowakataa.

Na nina hakika tutaambiwa kuna watu wametutuma. Hakuna. Waliotutuma ni wachezaji 20 waliosajiliwa, na kila mmoja yuko tayari kusimama mbele yako kwa jina lake.

Baada ya maelezo hayo, tunaomba yafuatayo.

Kwanza kabisa, mwenzetu. Chuo kikae na familia yake, kiwasikilize, na kiandike kwa maandishi kitabeba gharama gani za matibabu yake ambazo bima haizibebi, zikiwemo nauli na mazoezi ya viungo. Ombi lake la mitihani maalumu lijibiwe sasa, kwa sababu hili halihitaji senti moja, linahitaji saini. Na vipindi vya darasa lake vihamishiwe chini hadi atakapoacha magongo.

Barua za onyo zifutwe na zitolewe kwenye majalada. Uundwe uchunguzi kuhusu vitambulisho vile na orodha ile, wanafunzi wawe na mwakilishi ndani yake, na aliyekuwa kiongozi wa msafara asiwe kwenye kamati ya michezo ijayo mpaka uchunguzi huo umalizike. Kuanzia msimu huu, orodha ya kila timu ipitishwe na ofisi ya msajili na kubandikwa hadharani kabla ya safari, ili kila mwanafunzi aone nani anakwenda kwa jina lake.

Mapato na matumizi ya mchango wa michezo kwa miaka miwili iliyopita yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kutokana na pesa hiyo, timu ya wasichana irudishwe na ipewe jezi zake, kila mchezaji apate kinga za ugoki, na wanafunzi wawili kwa kila timu wapelekwe mafunzo ya huduma ya kwanza. Isichezwe mechi yoyote kwa jina la chuo, hapa au ugenini, bila machela, boksi la huduma ya kwanza na gari lililosimama uwanjani tangu mwanzo hadi kipenga cha mwisho. Kila anayesafiri akae kwenye kiti, na safari ziwe za mchana.

Na zile kokoto. Tupeni makoleo, Jumamosi moja tutazizoa wenyewe.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kufungwa kwa usajili wa michezo ya kanda. Tungependa zaidi kikao, ukiwepo wewe mwenyewe, na mama wa mwenzetu akialikwa na kukaribishwa ndani. Hatutagoma masomo, wala hatutafanya fujo, na yeyote atakayejaribu kufanya hivyo kwa jina letu hatumtambui. Lakini kama usajili utafungwa bila jibu, sisi ambao majina yetu yamo kwenye orodha ya msimu uliopita hatutavaa jezi ya chuo. Tumekubaliana hivyo kwa kauli moja, na uamuzi huo umetuuma, maana kwa wengi wetu wa mwaka wa mwisho hii ndiyo michezo ya mwisho tutakayocheza tukiwa wanafunzi.

Daftari la mtunza fedha, nakala ya barua yetu yenye muhuri wa masjala, cheti cha daktari (kwa ridhaa ya mwenyewe) na majina ya mashahidi wa usiku ule vipo tayari. Tutavileta siku yoyote utakayotuita.

Wako mtiifu,

Nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo
Kwa niaba ya wachezaji

Nakala:
Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo
Mshauri wa Wanafunzi
Rais wa Serikali ya Wanafunzi
Nahodha wa iliyokuwa timu ya wasichana
Mama wa mwenzetu, Ilula